Istilahi za Mlango wa Nakshi: Funzo kutoka Kwihara

Kwihara ni kijiji kilicho karibu na mji wa Tabora, katika njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Hapo ipo nyumba ya tembe ya kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliofika Kwihara Februari 1872. Stanley aliondoka kurejea pwani mwezi Machi; Livingstone alibaki hadi Agosti 25. Wageni wengi huzuru kwa ajili ya majina hayo mawili. Mfasiri anayo sababu nyingine, nayo ni mlango.

Tembe ni jengo la bara: kuta nene za udongo na paa bapa la miti iliyofunikwa udongo. Mlango wa nakshi, kwa upande wake, ni sanaa ya pwani. Misafara iliyopeleka nguo na shanga Unyanyembe ilipeleka pia ufundi, na ufundi hausafiri bila maneno yake.

Tuutazame mlango huo wa pwani. Pande mbili husimama miimo. Juu na chini hulala vizingiti. Katikati, pale mbao mbili zinapokutana, husimama mfaa, uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ili kuziba mwanya. Mbao hizo hazina bawaba: ncha zake huzunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa vizingitini. Fundi huchonga kwa tezo, hulainisha kwa randa, hutoboa kwa keekee, na nakshi huitoa kwa patasi na nyundo. Mti hutakiwa uwe mgumu, usioliwa upesi na mchwa, kama vile mvule, msaji, au mninga unaoota katika misitu ya miombo ya Tabora.

Siku hizi neno “fremu” hutumika mahali pa miimo na vizingiti pamoja. Neno hilo si kosa. Lakini hukusanya vipande vinne katika jina moja, na mwanafunzi wa useremala hushindwa kueleza ni kipi kilichooza. Vivyo hivyo, anayeandika “nguzo ya katikati” ameunda istilahi ndefu, ilhali mfaa upo.

Kwa hiyo, kabla ya kubuni au kukopa, yatupasa kwanza twende karakanani, tuonyeshe kipande kwa kidole, na tuulize jina lake. Kuuliza si ujinga. Fundi akistaafu bila kuulizwa, mlango utabaki, lakini majina ya viungo vyake yatakuwa yametoweka.