Deni la Mwanagenzi: Usuli wa Mhusika Mchawi katika Michezo ya Kuigiza Wahusika

Katika Player's Handbook ya Dungeons & Dragons iliyotoka 2014, mwanagenzi wa mchawi amepewa mstari mmoja. Ni mstari wa 7 kati ya 8 katika jedwali la taaluma za msomi, baada ya mtafiti na kabla ya mwandishi wa nyaraka. Mchezaji hurusha dadu ya pande nane, na ikiangukia hapo usuli wa mhusika wake umekamilika. Atapata stadi mbili, elimu ya uchawi na historia. Atapata pia lugha mbili, chupa ya wino, kalamu ya unyoya, kisu kidogo, na barua ya msomi mwenzake aliyefariki yenye swali ambalo bado halijapatiwa jibu. Mwalimu wake hatajwi popote.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ni ufinyu wa kurasa tu. Makala hii inashikilia kwamba ni dai la kinadharia. Kumweka mwanagenzi kwenye jedwali la wasomi ni kusema kwamba uanagenzi ni kujua mambo fulani. Dai hilo ni potofu. Uanagenzi ni kazi na deni: nani alimlisha nani, nani alimtumikia nani, kwa muda gani, na nini kilibaki bila kulipwa siku ya kuagana. Usuli usiosema hayo haujamweleza mwanagenzi hata kidogo.

Kuna jambo ambalo watafiti hawalibishanii tena. Tangu Gary Alan Fine achapishe Shared Fantasy mwaka 1983, inakubalika kwamba anayeketi mezani hubeba nafsi zaidi ya moja: yeye mwenyewe kama mtu, yeye kama mchezaji, na mhusika anayemwigiza. Mvutano unaanza inapoulizwa historia ya huyo mhusika ina kazi gani. Kuna kambi yenye sauti kubwa inayosema historia ya kweli ni ile inayotokea mezani, na kwamba yaliyotangulia ni pambo. Wenye msimamo huo hupenda kurejea toleo la kwanza la 1974, la Gary Gygax na Dave Arneson, wakidai kwamba mhusika wa siku zile alizaliwa mlangoni mwa pango, hana jana wala juzi.

Vitabu vya Gygax mwenyewe vinawakatalia. Dungeon Masters Guide ya 1979 inamwagiza msimamizi wa mchezo awaeleze wenye wahusika wachawi kwamba wametoka tu kumaliza uanagenzi kwa mwalimu wa daraja la 6 au zaidi, na kwamba kitabu chao cha kwanza cha manuizo ni zawadi ya mwalimu huyo. Majedwali ya umri katika kitabu hichohicho yana uzito zaidi. Mpiganaji wa jamii ya binadamu huanza mchezo akiwa na miaka 16 hadi 19. Mchawi wa jamii hiyohiyo huanza akiwa na miaka 26 hadi 40. Anaingia pangoni akiwa mtu mzima kabisa, lakini uhai wake hupimwa kwa dadu ya pande nne dhidi ya pande kumi za mpiganaji, na ana nuizo moja tu kwa siku. Tofauti hiyo ya umri haielezeki bila uanagenzi. Kwa hiyo mchezo wa zamani uliujua usuli huu, ukauandika kwa tarakimu.

Kosa la Gygax ni kwamba alilifunga deni mapema mno. Zawadi ikishatolewa, mwalimu hutoweka. Mhusika anapotaka kupanda daraja, kanuni zinamtaka alipe ada ya mafunzo: vipande 1,500 vya dhahabu mara daraja lake, kila wiki. Uhusiano uliochukua ujana wake wote umegeuka kuwa soko.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote uko katika Ars Magica, mchezo wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen uliotoka 1987. Natumia toleo la tano, la 2004, lililohaririwa na David Chart. Mchezo umewekwa Ulaya ya karne ya 13, katika dunia ambamo wachawi wana chama chao chenye sheria. Uanagenzi huchukua miaka 15. Sheria inamlazimu mwalimu kumfundisha mwanagenzi msimu mmoja katika kila mwaka, na mwaka una misimu minne. Hesabu ni rahisi na nashangaa kwamba haizungumzwi: katika misimu 60, 15 ni ya kufundishwa na 45 ni ya kutumika. Mwanagenzi anapofanya kazi katika maabara ya mwalimu wake, akili yake na ujuzi wake wa nadharia ya uchawi huongezwa kwenye jumla ya mwalimu. Maana yake ni kwamba kadiri mwalimu anavyofundisha vizuri, ndivyo anavyovuna zaidi. Na ndivyo anavyokuwa na sababu kubwa zaidi ya kutotaka mwanafunzi aondoke.

Hapo mkinzano wote wa maisha ya mwanagenzi umo ndani ya kanuni, bila mchezaji kulazimika kuandika hata aya moja ya masimulizi. Mhusika anamaliza akiwa na pointi 240 za uzoefu na viwango 120 vya manuizo, na kila pointi ina mwenyewe aliyeitoa, kwa hiari au kwa shingo upande. Wabunifu hawakulitoa hili hewani. Sheria ya Uingereza ya 1563 ilitaka uanagenzi wa miaka isiyopungua 7 katika ufundi, na mikataba ya kawaida ilimfunga kijana kuishi nyumbani kwa bwana wake na kutooa bila ruhusa. Ars Magica imeuzidisha muda huo zaidi ya maradufu, lakini muundo ni uleule: elimu hulipwa kwa mikono.

Masimulizi ya kale nayo yanamweka mwalimu katikati. Katika shairi la Goethe la 1797, mwanagenzi analiamrisha fagio limtekee maji mwalimu akiwa ametoka. Nuizo lake la wizi limezaliwa na tamaa ya kutumia nguvu ambazo mwalimu alizishika peke yake. Katika kisa cha Lukiano wa karne ya 2, Eukrate alishirikishwa yote na mwalimu wake Pankrate isipokuwa maneno ya nuizo, ndiyo maana akayasikiliza kwa kujificha gizani. Visa vyote viwili vinageuka juu ya kile ambacho mwalimu amekizuia. Jedwali la 2014 halina maji wala mwalimu.

Toleo la 2024 la Player's Handbook lina aina 16 za usuli, na limesogea nusu hatua. Msomi wake amezunguka kwenye makasri na monasteri akifanya vibarua ili aruhusiwe kusoma maktabani. Kazi imerudi, lakini anayelipwa ni maktaba, na maktaba haiwezi kukasirika, kuzeeka, wala kukataa kukuachilia. Zaidi ya hayo, usuli huo unampa hata mpiganaji manuizo machache ya kuanzia. Elimu ya uchawi imekuwa kitu cha kubebwa, kimetenganishwa na aliyekitoa.

Wapo watakaopinga kwamba mwalimu aliye hai humpa msimamizi kamba ya kumburuza mhusika. Hofu hiyo ina msingi pale mwalimu anapoandikwa bila mipaka. Katika Ars Magica sheria inawafunga wote wawili, na mwanagenzi anajua haki yake ya msimu mmoja. Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili, kwamba tunapamba utumikishaji wa watoto. Nadhani ni kinyume chake. Mchezo unaoficha ile misimu 45 ndio unaoupamba, kwa sababu unamwonyesha kijana akiibuka na elimu safi isiyo na jasho la mtu. Mchezo unaoihesabu unamwezesha mchezaji kuuliza kama bei ile ilikuwa ya haki, na kumwigiza mhusika anayelijibu swali hilo kwa matendo. Kuhusu wachezaji wageni, sioni ugumu wowote: deni kwa mtu mwenye jina huigizika upesi kuliko nyongeza kwenye stadi mbili.

Huenda hoja hii inahusu pia uaskofu, uaskari, ufundi na kila usuli unaodai kwamba mhusika alifunzwa na mtu, ingawa hapa nimeithibitisha kwa mchawi peke yake. Kwake yeye marekebisho yanaweza kuanza na barua ile ya 2014. Mwandishi wake awe mwalimu aliye hai badala ya msomi mwenzake aliyefariki, na pahali pa swali la kitaaluma yaandikwe mambo matatu: misimu aliyofundisha, misimu aliyotumikiwa, na kazi moja anayodai ifanywe kabla ya mwaka kuisha.