Ngome na Kamusi: Lugha katika Dola ya Wamaratha

Wamaratha wa magharibi ya Bara Hindi aghalabu hutajwa kwa vita vyao, wala si ajabu. Shivaji Bhonsle, aliyetawazwa mfalme katika ngome ya Raigad mwaka 1674, aliyakabili majeshi makubwa ya Bijapur na ya Wamughali kwa wapanda farasi wepesi, walioshambulia ghafla, wakakata njia za chakula, kisha wakatokomea katika milima ya Sahyadri. Mbinu hiyo haikuanza naye. Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akaja kuwa mtawala hasa wa dola ya Ahmadnagar, alikwisha kuitumia dhidi ya Wamughali kabla ya kufa kwake mwaka 1626, na wengi wa wapanda farasi wake walikuwa Wamaratha.

Lakini kwa mwanafunzi wa lugha, tendo la Shivaji linalostahili kuchunguzwa zaidi halikufanywa kwa upanga. Kimarathi cha ofisini katika karne ya 17 kilikuwa kimejaa maneno ya Kiajemi na Kiarabu, urithi wa masultani waliotangulia. Alipotawazwa, Shivaji aliwapa mawaziri wake wanane vyeo vya Kisanskriti: peshwa akawa mukhya pradhan, na dabir, aliyeshughulikia mambo ya nchi za nje, akawa sumant. Kisha ikatungwa kwa amri yake, kiasi cha mwaka 1677, kamusi iitwayo Rajyavyavaharakosha, yenye visawe vya Kisanskriti vya maneno yapatayo 1,400 ya utawala, ngome, silaha, uandishi na biashara. Mfalme aliyejisimamishia enzi hakuridhika kuona makarani wake wakiandika amri zake kwa msamiati wa wale aliowaasi.

Je, alifaulu? V. K. Rajwade, aliyezilinganisha nyaraka za kale, alionyesha kwamba maneno ya Kiajemi yalipungua katika barua za serikali. Hata hivyo mkulima wa Konkan hakukielewa Kisanskriti kuliko alivyokielewa Kiajemi. Aliondolewa neno geni alilokwisha kulizoea, akapewa neno la wanazuoni. Wanaotaka Kiswahili kisafishwe maneno yake ya Kiarabu wangefaa kulipima jambo hili kabla ya kuanza kazi yao.

Katika karne ya 18 mawaziri wakuu waliposhika madaraka yote huko Pune, walijulikana kwa cheo cha Peshwa, neno la Kiajemi lile lile lililokuwa limeondolewa. Vita vya kuvizia vya Wamaratha huitwa ganimi kava, na ganim ina asili ya Kiarabu, shina moja na ghanima ya Kiswahili. Nazo tarihi za Kimarathi, ikiwamo ile ya Krishnaji Anant Sabhasad ya mwaka 1697 inayosimulia maisha ya Shivaji mwenyewe, huitwa bakhar, neno ambalo wataalamu wengi hulitoa katika khabar ya Kiarabu, sauti zikiwa zimebadilishana mahali. Waswahili walilipokea neno hilo hilo, wakalitamka habari.