Shule, mwalimu na mzazi: Namna ya kuimarisha mawasiliano

MAWASILIANO shuleni si kupeleka habari tu. Ni mkondo unaopita pande zote: mwalimu mkuu hueleza, mwalimu wa darasa hueleza, naye mzazi husikizwa. Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Hata hivyo, katika shule nyingi nchini Kenya mzazi huitwa kwa mambo mawili pekee: karo anayodaiwa au kosa la mwanawe. Aliyezoea wito wa aina hiyo huliona lango la shule kuwa mahali pa kudaiwa na kulaumiwa, naye hujiweka mbali hadi alazimike kufika.

Vyombo vya kisheria

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mzazi nafasi katika uongozi wa shule. Bodi ya usimamizi ya shule ya umma huwa na watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya mahali hapo, mwakilishi wa walimu aliyechaguliwa na wenzake, wawakilishi wa mfadhili wa shule, pamoja na wanachama wengine. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi hiyo.

Kando na bodi kuna chama cha wazazi, ambacho kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wake. Katika mkutano mkuu wa mwaka huchaguliwa kamati yenye mwakilishi wa kila darasa na walimu wawili. Mwenyekiti na wanakamati wawili huingizwa katika bodi. Miongoni mwa majukumu ya chama ni kudumisha uhusiano mwema kati ya walimu na wazazi, na kuisaidia shule katika kuwaelekeza, kuwashauri na kuwarekebisha wanafunzi.

Kwa hivyo njia ipo: kutoka kwa mzazi hadi kwa mwakilishi wa darasa, kisha kamati, hatimaye bodi. Hukatika pale ambapo wazazi hawamjui mwakilishi wao, au mkutano mkuu unapogeuzwa kuwa kikao cha kuidhinisha michango.

Mabadiliko yaliyoongeza haja

Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Tangu hapo nidhamu hutegemea ushauri, na ushauri hauwezi kufaulu iwapo nyumbani na shuleni mtoto anaambiwa mambo yanayokinzana. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani. Baadhi ya wazazi walichukulia kuwa shule sasa ni ya serikali, na wajibu wao umekwisha.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 ulimtaka mzazi ashiriki moja kwa moja katika ujifunzaji wa mwanawe. Pale ambapo lengo hilo halikuelezwa vyema, mzazi alichosikia ni orodha ya vifaa vya kununua, na manung'uniko yakazagaa.

Gharama ya kuchelewa

Mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 waliangamia bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, lilipoteketea. Mwaka 2016, zaidi ya shule 100 zilikumbwa na visa vya moto. Dalili ya mvua ni mawingu: machafuko shuleni aghalabu hutanguliwa na minong'ono kuhusu chakula, mitihani au uonevu. Mtoto huenda akamdokezea mzazi wakati wa likizo jambo ambalo hathubutu kumwambia mwalimu. Mzazi asiye na mtu wa kumpigia simu hubaki nalo.

Usiku wa Septemba 5, 2024, moto uliteketeza bweni la Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri, na kuwaua wavulana 21. Siku iliyofuata serikali ilisema watoto 70 hawakuwa wamejulikana waliko. Wengi wao walipatikana baadaye wakiwa salama, wakiwemo waliochukuliwa na jamaa zao. Katika saa kama hizo, rejista iliyo sahihi ni miongoni mwa mambo machache yanayoweza kumtoa mzazi katika mashaka.

Hatua za kuchukua

Kwanza, nambari za simu za mzazi na za jamaa wa pili zihakikiwe kila muhula unapoanza, na yeyote anayemchukua mtoto atie saini.

Pili, mwalimu wa darasa awe mlango wa kwanza. Ampigie mzazi simu mapema, ikiwezekana kwa habari njema, ili siku ya habari mbaya wasikutane kama mahasimu.

Tatu, ajenda ya mkutano itangazwe mapema na lugha iwe inayoeleweka na wote. Tarehe isigongane na siku ya soko. Kikao kinachofuata kianze kwa yatokanayo, wazazi waelezwe lililotekelezwa na lililokwama, pamoja na matumizi ya fedha zao.

Nne, arafa na makundi ya WhatsApp yatumiwe kwa matangazo ya jumla. Alama, maradhi au makosa ya mtoto yasianikwe humo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za aina hiyo. Asiye na simu apelekewe barua, na asiyejua kusoma apewe ujumbe kwa mdomo kupitia mwakilishi wa darasa.

Tano, malalamiko yawe na ngazi: mwalimu wa darasa, naibu wa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu, kisha bodi. Kila ngazi itoe jibu kwa muda uliotajwa. Mzazi naye asimkaripie mwalimu mbele ya wanafunzi, kwani mtoto aliyeshuhudia mwalimu wake akidharauliwa ni vigumu kumsikiza tena darasani.

Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji mwalimu mkuu aliye tayari kusikia habari asizozipenda kabla hazijamfikia kwa njia ya moshi, na mzazi anayefika shuleni hata pale ambapo hajaitwa.