Ukuta na mvua: nini cha kuweka nje ya nyumba ili idumu Kamina

Kila mwaka mvua inaporudi karibu na mwezi wa 10, hapa Kamina tunaona mambo yale yale. Krepi ya simenti iliyowekwa wakati wa kipwa inaanza kupasuka, kisha inaanguka vipande vikubwa. Nyuma yake udongo umelowa kama uji. Mwenye nyumba alinunua mifuko ya simenti kwa pesa ya shida, na sasa anaanza tena. Mahali pengine si krepi tu inayoanguka, ni ukuta wote, na watu wamelala ndani.

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na kwa mwaka tunapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua, karibu yote kati ya mwezi wa 10 na wa 4. Ukuta wa Kamina unalowa sana miezi ile, kisha unakauka sana. Kwa hiyo swali la kwanza si "kitu gani ni kigumu?" Swali ni: maji yanaingia wapi, na yatatoka wapi?

Maji yanaingia kwa njia tatu

Ya kwanza ni juu: paa fupi linaacha mvua ya upepo ipige ukuta. Ya pili ni matone yanayoanguka chini na kurukia ukuta. Ndiyo maana nyumba nyingi zinaliwa kwanza kwenye miguu. Ya tatu haionekani: maji ya ardhini yanapanda ndani ya matofali, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa.

Matofali mabichi (adobe)

Ndiyo nyumba ya watu wengi hapa kwetu, juu bei yake ni ndogo na udongo uko karibu, hata ule wa kichuguu. Yakikaa makavu yanadumu miaka mingi. Adui yake ni maji tu. Mbele ya kuyafyatua, pima udongo: tia udongo kwenye chupa hadi theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha siku moja. Mchanga utakaa chini, udongo laini juu. Kama udongo laini ni mwingi sana, tofali litapasuka likikauka, ongeza mchanga. Kama ni mchanga karibu wote, tofali litavunjika.

Matofali ya kufinya yenye simenti

Kuna mashine ya mkono inayofinya udongo, kama ile ya CINVA-Ram iliyoundwa Kolombia katika miaka ya 1950. Udongo unachanganywa na simenti kidogo, mara nyingi kati ya sehemu 5 na 10 kwa 100. Simenti inafaa udongo wenye mchanga. Udongo wenye kunata unapenda zaidi chokaa. Tofali hili halichomwi, ila lazima lifunikwe na kunyunyiziwa maji wiki ya kwanza, na zaidi ikiwezekana. Fundi akiliacha juani siku ya kwanza, simenti imepotea bure.

Matofali ya kuchoma

Haya ndiyo yanavumilia mvua bila nguo. Tazama nyumba za zamani za reli hapa mjini: matofali ya kuchoma, msingi wa juu, baraza, na paa linalotoka nje. Reli ya kwenda Ilebo ilimalizika mwaka 1928, na nyumba nyingi za wakati wa wakoloni zingali zinasimama.

Lakini si kila tofali jekundu limeiva. Gonga mawili pamoja: yaliyoiva yanalia kama chuma, yasiyoiva yanatoa sauti nzito. Kisha pima moja kwenye mizani likiwa kavu, lilaze ndani ya maji siku nzima, pima tena. Likiwa la kilo 3 na likapita kilo 3.6, linakunywa maji mingi. Liweke kwenye ukuta wa ndani. Tukumbuke pia kwamba kila tanuru linakula miti ya pori. Kama pesa au kuni ni kidogo, tumia matofali ya kuchoma kwenye miguu ya nyumba tu, nusu mita kutoka chini, na juu endelea na mabichi.

Krepi: hapa ndipo tunakosea

Utasikia fundi anasema: "Baba, tutie paka simenti, nyumba itakuwa nguvu." Juu ya matofali ya kuchoma, sawa. Juu ya matofali mabichi, hapana. Udongo unavimba ukilowa na kujikunja ukikauka, simenti haimfuati. Ufa mdogo unatokea, maji yanaingia, na ile simenti ngumu inayazuia yasitoke. Ukuta unaoza ndani wakati uso bado ni mzuri. Gonga krepi ya nyumba yako kwa kidole: ikilia kama ngoma, imekwisha kuachana na ukuta.

Ndugu zetu wa pwani wamejifunza jambo hilo hilo. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Pale watu walipopaka simenti juu ya kuta zile, unyevu ulibaki ndani. Wanaozitunza wanashauri kurudia chokaa, kwa sababu chokaa inaacha ukuta upumue. Tofauti ni kwamba kule hewa ya chumvi inakula mabati na vyuma haraka. Hapa Kamina hatuna chumvi ile, kwa hiyo manjanja yetu yanaweza kudumu zaidi.

Kwa ukuta wa udongo, weka krepi ya udongo na mchanga na majani makavu yaliyokatwa, kisha pakaa chokaa juu. Ukipata pesa, weka krepi ya chokaa: sehemu 1 ya chokaa, sehemu 3 za mchanga safi. Angalieni, chokaa inaunguza macho na ngozi. Watoto wakae mbali.

Kwa ukuta wa kuchoma, krepi nzuri ni sehemu 1 ya simenti, 1 ya chokaa na 6 za mchanga. Au acha matofali wazi, ujaze jointi vizuri, na ile simenti ya krepi uiweke kwenye msingi.

Pesa ianzie wapi?

Kama pesa ni kidogo, fuata mpango huu:

1. Msingi unaopanda juu ya ardhi, na plastiki nzito juu yake mbele ya tofali la kwanza, ili maji yasipande.
2. Paa linalotoka nje sentimita 60 au zaidi.
3. Mfereji wa kupeleka maji mbali na nyumba.
4. Mwisho kabisa, krepi na rangi.

Watu wengi wanaanza na namba 4, juu ndiyo majirani wanaona.

Fyatua matofali mwezi wa 5, yakauke kivulini, yachomwe na kujengwa kipwa kingali kirefu, na krepi iwe imekauka mbele ya mwezi wa 10. Na kama nyumba imekwisha kujengwa, mvua ya kwanza ikinyesha toka nje, zunguka ukuta wote, angalia maji yanapiga wapi na yanasimama wapi. Weka alama kwa makala. Pale ndipo utaanza kutengeneza.