Rudisheni Bunduki

Kila mjadala wa bunduki ukizuka Kenya, tunaazima maneno ya Wamarekani. Ati haki ya raia kujilinda. Ati bunduki haiui, anayeua ni mtu. Ukisoma majibizano hayo unaweza kudhani tuna katiba kama yao. Hatuna. Kwetu kumiliki bunduki ni ruhusa unayopewa na serikali, na serikali iliyokupa inaweza kukunyang'anya. Kwa hiyo swali letu ni lingine, na lina umri mkubwa kuliko hata jina la Kenya: nani anaweza kumwambia mwenzake arudishe bunduki, na huyo anayeamuru, yake anamhesabia nani?

Mimi ni wa Chekalini, kule Lugari, upande wa Kakamega unaopakana na Uasin Gishu. (Watu wa Nairobi wakisikia jina hilo huuliza, "Cheka lini?" Tumezoea.) Ukishuka na matatu kutoka kwetu kuelekea Webuye, utaona vilima vimesimama juu ya mji, juu ya kiwanda cha karatasi kilichokuwa cha Pan Paper. Hapo ni Chetambe. Kila mtoto wa Magharibi amesoma kwamba mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walipigana na Waingereza hapo. Unaandika kwenye daftari, unapata alama, unaendelea na somo la Wanandi. Mimi nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba vita vile vilianza kama msako wa bunduki.

Mambo yalikuwa hivi. Kwa miaka mingi misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilikuwa ikipitia Mumias, kwa Nabongo wa Wanga. Misafara ilikuja na nguo, shanga na bunduki. Zingine zilikuwa magobori ya kushindiliwa baruti kwa mdomo, zingine bunduki za kisasa. Baadaye wakaja askari Wasudani wa serikali ya Uganda, maana wakati huo sehemu yetu ilihesabiwa kuwa Uganda na ilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902 tu. Baadhi ya askari hao walitoroka na bunduki zao, na bunduki ikishaingia kijijini haikai bila kupata mnunuzi. Wabukusu walikuwa na majirani wa kuogopa na ng'ombe wa kulinda. Walinunua.

Tayari kulikuwa na sheria. Julai 1890 mataifa ya Ulaya na wenzao walitia saini Mkataba wa Brussels, uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake walikataza kuuza silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini mpaka 22 kusini. Waafrika waliachiwa gumegume, zile bunduki za jiwe, na baruti ya kawaida. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kweli kabisa. Bunduki ndizo zilizowawezesha wawindaji watumwa kuchoma vijiji, na anayesema sheria ile ilikuwa hila tupu anawasahau waliotembezwa kwa minyororo hadi pwani. Lakini soma ramani: waliotia saini walikuwa ndio hao waliokuwa wakija kutawala eneo hilohilo, na wao hawakuja na gumegume.

Basi kituo cha Mumias kikataka bunduki zirudi. Afisa aliyekuwa pale, Frederick Spire, alituma askari kwa Wabukusu kuzidai. Askari kama 25 waliuawa. Mwaka 1895 Charles William Hobley, aliyekuwa amechukua usimamizi wa Mumias, akakusanya jeshi: Wasudani, Waganda, Wamaasai, na watu wa Wanga. Walishambulia ngome ya Lumboka kwanza, kisha Chetambe. Ngome zilikuwa za kuta za udongo na handaki, na zilikuwa zimezuia wavamizi wengi kwa miaka mingi. Safari hii hazikuzuia. Watu waliuawa kwa wingi, ng'ombe wakaswagwa, na amani iliyofuata ilikuwa ya masharti ya mshindi.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mambo mawili yalichanganywa na hayajatenganishwa hadi leo. Jambo la kwanza: serikali yoyote itataka kujua bunduki ziko wapi, na askari 25 waliouawa walikuwa watu wa mtu. Jambo la pili: waliokuwa upande wa serikali hawakuambiwa waweke silaha chini. Kumbe kilichodhibitiwa siku ile ni watu, bunduki zilibaki zikizunguka. Kukhu, bibi yangu Mtachoni, alikuwa akisema kwamba pale Chetambe mzungu alikuja kuuliza bunduki zake akaondoka na ng'ombe wetu. Sijapata mwanahistoria aliyeisema kwa ufupi zaidi.

Ruka miaka hamsini na kitu. Ardhi ya kwetu ilikuwa ya walowezi, sehemu ya zile nyanda zilizotengewa wazungu. Kuka, babu yangu, alichunga ng'ombe kwa mmoja wao. Alisimulia kwamba mzungu huyo alikuwa akihesabu risasi kila jioni mezani, taa ikiwaka, na asubuhi akipiga nguruwe pori alikuwa akitafuta ganda la risasi nyasini hadi alipate. Kuka alimsifu kwa hilo hadi kufa kwake, na alikuwa hampendi.

Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Mlowezi alikula chakula cha jioni na bastola kiunoni. Mwafrika aliyepatikana na bunduki au hata risasi bila idhini alikabiliwa na kitanzi. Sheria ya Bunduki, ile Sura ya 114 ambayo tunaitumia mpaka leo na viraka vyake, ilianza kufanya kazi mwaka 1954, katikati ya msimu huo. Na hebu jikumbushe Dedan Kimathi alinyongwa kwa kosa gani. Wengi watakuambia uasi, au mauaji. Hapana. Alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi zake, na asubuhi ya Februari 18, 1957 akanyongwa Kamiti. Shtaka la bunduki.

Uhuru ulipokuja mashamba yakakatwa, na familia kama zetu zikapata viwanja Lugari kupitia mipango ya makazi. Bunduki za walowezi ziliondoka nao. Zilizobaki tulizoziona zilikuwa za polisi na za machifu.

Kisha Desemba 2007. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Majirani tuliokuwa tukishiriki kisima walichomeana nyumba. Watu walilala Lumakanda, wengine Turbo, kwenye mahema. Silaha za kwetu zilikuwa mishale, panga na kiberiti. Milio ya bunduki ilipotoka barabarani, wazazi hawakujua wafurahi au walale chini, maana ni sisi wenyewe tuliokuwa tukipiga simu tukiomba polisi waje. Tume ya Jaji Waki ilipohesabu, nchi nzima walikuwa wamekufa watu 1,133, na 405 kati yao kwa risasi. Zaidi ya theluthi moja. Tume ilitaja wazi mkono wa polisi katika vifo hivyo vya risasi.

Nimesikia hoja mbili kutokana na hesabu hiyo. Ya kwanza inasema raia wapewe silaha wajilinde. Hii imejaribiwa, jamani. Kaskazini ya Bonde la Ufa serikali imewapa raia bunduki kama polisi wa akiba kwa miaka mingi. Mwaka 2019 ikazikusanya, kisha ikazigawa tena ujambazi ulipozidi. Na bunduki haramu ziko nyingi kule tangu 1979, Idi Amin alipoanguka na ghala la silaha la Moroto likaporwa. Mlima Elgon, karibu zaidi na kwetu, tuliona vijana wa SLDF walivyofanya walipopata bunduki, halafu tukaona jeshi lilivyofanya lilipokuja kuwapokonya mwaka 2008. Wanakijiji walipigwa na pande zote mbili.

Hoja ya pili inasema wenye leseni wabanwe zaidi. Sawa. Desemba 2018 serikali iliwaamuru wote wajitokeze kukaguliwa upya, na ni vizuri. Mwenye bastola Nairobi anayeiweka mezani klabuni kando ya chupa anastahili kupoteza leseni kabla hajamaliza hiyo chupa.

Ila mimi ningeanza kwingine. Sheria ya polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inamtaka afisa aliyefyatua risasi aripoti kwa mkubwa wake, na mtu akifa au kuumia vibaya, IPOA ijulishwe. Maneno yapo, yameandikwa vizuri. Sasa kumbuka Juni 2024. Wewe uliyekuwa mjini siku ile, risasi zile zilitoka ghala gani, zilitiwa saini na nani, na zilizorudi zilikuwa ngapi? Mlowezi wa Kuka angejibu kabla ya chakula cha jioni.

Krismasi iliyopita binamu yangu, mwenye duka la M-Pesa pale sokoni Chekalini, alitangaza kwamba anataka kuomba leseni ya bastola. Alikuwa ameibiwa mara mbili. Khocha, mjomba wetu, ni askari mstaafu. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Utailaza wapi?"

"Chini ya mto."

"Na mtoto analala wapi?"

Binamu akanyamaza. Khocha akasema miaka yake yote kazini alirudisha bunduki kila jioni, akahesabu risasi mbele ya mtu mwingine, akaweka saini. Nikamuuliza: hata 2008?

Aliangalia chai yake. "2008 kitabu hakikufunguliwa," akasema, kisha akamwita mtoto alete sukari.