Nimonia kali kwa watoto: vijidudu vinavyoileta na nafasi ya chanjo kwetu Maniema

Nimonia ni ugonjwa wa mapafu. Vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu vinajaa maji na usaha, na mtoto anakosa pumzi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani (OMS), mwaka 2019 peke yake nimonia iliua watoto zaidi ya 740 000 wenye chini ya miaka 5. Hapa Kindu wazazi wengi wanasema kwanza "ni baridi tu, itapita". Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna vijidudu ambavyo havingojei.

Ni vijidudu gani?

Virusi vinaleta nimonia nyingi, na nyingi kati yake zinapona. Ile inayoharibika sana mara nyingi inatokana na bakteria. Ya kwanza ni pneumokoki. Inakaa puani na kooni kwa watoto wazima kabisa bila kuwaumiza, kisha siku moja mafua au surua inadhoofisha mwili, nayo inashuka mapafuni. Ya pili ni Hib. Ya tatu ni stafilokoki, ile ile ya majipu ya ngozi, na inapenda kuingia baada ya surua au kwa mtoto mwenye utapiamlo.

Inaharibika namna gani?

Usaha unaweza kujaa kati ya pafu na mbavu; dawa peke yake haitoshi, munganga anaweka mpira ili kuutoa. Jipu linaweza kutokea ndani ya pafu, au sehemu ya pafu ikafa. Bakteria pia inaweza kuingia katika damu na kufika kwenye ubongo, ikaleta homa ya uti wa mgongo. Mtoto akipona hiyo, anaweza kubaki kiziwi au mwenye kifafa. Matatizo haya yanahitaji picha ya kifua, oksijeni na sindano za siku nyingi. Kwa familia ya Punia au Kabambare, hiyo ni safari ndefu na gharama kubwa.

Chanjo inakinga nini?

Chanjo mbili zinahusika. Penta, ambayo wamama wote wanaijua, ina kinga ya Hib ndani yake. PCV13 inakinga aina 13 za pneumokoki. Zote zinatolewa bure, mara tatu: juma la 6, la 10 na la 14. Chanjo ya surua kwenye miezi 9 inasaidia pia, juu ya surua ndiyo inafungulia nimonia mlango.

Kongo ilianza kutoa PCV13 mwaka 2011, kidogo kidogo, na Kivu Kusini ilifikiwa 2013. Huko Bukavu, watafiti waliofanya kazi na hospitali ya Panzi waliona watoto wanaolazwa kwa ugonjwa mkali wa mapafu wamepungua baada ya chanjo kuingia. Kule Kilifi, Kenya, ambako walitumia chanjo ya aina 10, magonjwa makali yanayoletwa na aina hizo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto chini ya miaka 5.

Lakini pneumokoki ina aina zaidi ya 100. Kwa hiyo mtoto mwenye chanjo zote bado anaweza kupata nimonia. Chanjo inapunguza sana hatari, haiondoi ulazima wa kumchunga.

Kwa nini watoto wengine wanabaki nyuma?

Kongo iko kati ya nchi zenye watoto wengi ambao hawajapata hata dozi moja. Chanjo inapaswa kukaa kwenye baridi ya digri 2 hadi 8, na PCV ikiganda inaharibika. Kuifikisha vijijini ni kazi ya pikipiki, pirogi na friji ya jua. Upande wa wazazi, wengi wanakuja juma la 6 kisha wanapotea: mto, shamba, safari, ao mtoto alipata homa kidogo baada ya sindano ya kwanza. Homa hiyo ni kawaida. Kama umechelewa, usione haya, rudi na karte yake. Muuguzi ataendelea pale mlipofikia, hataanza upya.

Dalili za kutongojea

Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua na uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Ni nyingi mno zikifika:
- 60 kwa mtoto chini ya miezi 2;
- 50 kwa miezi 2 hadi 11;
- 40 kwa mwaka 1 hadi 5.

Pumzi nyingi: mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Na kama kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, anashtuka-shtuka ao analala bila kuamka vizuri, usingoje asubuhi.

Dawa ya kituo mara nyingi ni amoksisilini. Mpe mpaka siku zote alizoandika muuguzi ziishe, hata akianza kucheza. Usinunue vidonge viwili vitatu barabarani: watafiti wa Bukavu walikuta pneumokoki nyingi katika pua za watoto wazima ambazo penisilini na kotrimoksazoli hazizishindi tena vizuri.

Nyumbani, toa moto wa kuni na makaa mbali na pahali mtoto analala, na mnyonyeshe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza. Na leo jioni, fungua ile karte: angalia kama Penta na PCV zote zina tarehe tatu. Ikikosekana moja, uliza kituo chako siku ya chanjo ni gani.