Asilimia ya nini? Neno linalotukumbusha asili ya hesabu

Ukipita madukani mtaani Lucky Summer, katika eneobunge la Ruaraka jijini Nairobi, utasikia asilimia zikitajwa: punguzo la bei, riba ya chama, faida ya biashara. Aghalabu tunaishika tarakimu na kulisahau neno lenyewe. Katika makala ya leo nashikilia kwamba neno hilo limebeba ndani yake kanuni ya hesabu yake.

‘Asilimia’ ni nomino ambatano: asili na mia. Maneno yote mawili yana chimbuko katika Kiarabu, ila Waarabu wenyewe husema ‘katika mia’, na ndiko ulikotoka usemi wa pwani ‘mia fil mia’. Katika vitabu vya Hisabati vya Tanzania, nambari ya juu ya sehemu huitwa kiasi, na ya chini huitwa asili. Asilimia, basi, ni sehemu ambayo asili yake ni mia.

Yapo mafungu mengine tuliyorithi kutoka kwa Kiarabu: thuluthi, robo, humusi, thumuni, ushuri. Baadhi yake yameisahau asili yake. Thumuni ni sehemu moja ya nane, lakini sarafu tuliyoiita sumni nchini Kenya ilikuwa senti 50, yaani nusu shilingi. Ushuru nao ni ndugu wa ushuri, sehemu moja ya kumi. Leo VAT ni asilimia 16.

Biashara ya mbali ndiyo iliyoipenda mia. Wafanyabiashara wa Italia waliandika ‘per cento’, wakafupisha, na katika karne zilizofuata ufupisho huo ukageuka alama ya %. Huku kwetu, mkataba wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa shehena iliyoteremshwa bandarini. Asilimia 5 ya nini? Ya shehena iliyoteremshwa, si ya yote iliyokuwa melini. Asili ilitajwa.

Sisi je? VAT ya mafuta ilipopanda kutoka 8 hadi 16 Julai 2023, wengi walisema imeongezeka kwa asilimia 8. La hasha! Iliongezeka kwa pointi 8 za asilimia. Ushuru wenyewe uliongezeka maradufu, yaani kwa asilimia 100. Vivyo hivyo, bidhaa ya shilingi 1,000 ikipanda kwa asilimia 20, inafika 1,200. Ikishuka kwa asilimia 20, hairudi 1,000, inakuwa 960. Tarakimu ni ile ile, asili imebadilika.

Kosa hili huumiza zaidi kwenye mikopo. Tuseme mama mboga amekopa thao moja kwa riba ya asilimia 10. Atajiambia, “Si ni soo tu?” Kumbe ni soo kila wiki. Asipopunguza deni lenyewe, baada ya wiki 52 atakuwa amelipa riba ya shilingi 5,200, na ile thao bado anadaiwa.

Kisarufi, asilimia hudai a-unganifu: asilimia 20 ya bei, asilimia 10 ya mkopo. Anayekutajia asilimia bila hiyo ‘ya’ amekupa kiasi na kukuficha asili. Muulize: ya nini, na kwa muda gani?